Magoti yanauma na uzani umezidi: utaanzia wapi?

Ukisafiri kwa matatu kutoka Embu hadi Meru utaijua nchi ile kwa tumbo lako kabla ya kuijua kwa macho. Barabara hupanda, ikateremka hadi mtoni, kisha ikapanda tena. Thuci, Nithi, Mutonga: kila mto una bonde lake, na kila bonde lina mteremko wake. Mji wa Embu uko karibu mita 1,350 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Meru uko juu zaidi ya mita 1,500. Nyumba zimejengwa mtelemkoni, majani chai na kahawa yamepandwa mtelemkoni, na mara nyingi hata kanisa, soko na zahanati haziendewi ila kwa kupanda au kushuka.

Kwa mwenye magoti mazima, hayo ni mandhari ya kupendeza. Kwa mwenye magoti mabovu ni adhabu ya kila siku.

Wengi wenu mnaosoma ukurasa huu mkiwa Nairobi, Nakuru au Mombasa mna mama, shangazi au nyanya huko Nkubu, Maua, Runyenjes au Siakago ambaye siku hizi anawaambia kwenye simu kwamba hakwenda kanisani Jumapili kwa sababu ya magoti. Alikwenda hospitali, akapigwa picha, akapewa tembe na kuambiwa neno moja fupi: "Mama, punguza uzani." Hakuambiwa atapunguza vipi. Akarudi nyumbani na swali ambalo ni la haki kabisa: nitapunguzaje uzani na hali kutembea kwenyewe siwezi?

Leo tulijibu swali hilo. Na jibu, kwa ufupi, ni kwamba inawezekana, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa jikoni na kwenye kiti, wala si barabarani.

MZUNGUKO MBAYA

Goti likianza kuuma, mtu hupunguza kutembea. Akipunguza kutembea, misuli ya mapaja hulegea, na chakula alichokuwa akikichoma shambani hugeuka mafuta mwilini. Uzani huongezeka. Goti lililokuwa likiuma sasa hubebeshwa mzigo mkubwa zaidi huku likiwa na misuli dhaifu ya kulisaidia. Basi huuma zaidi, na mtu hutembea kidogo zaidi. Hapo mtu hubaki akizunguka mahali pamoja mwaka baada ya mwaka, hadi siku anapojikuta hawezi kuamka kitini bila kushikwa mkono.

Tatizo hili si la watu wachache. Uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya uliofanywa nchini Kenya mwaka wa 2008 na 2009 ulionyesha kwamba robo ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzani uliozidi kiasi. Uchunguzi kama huo wa mwaka wa 2014 uliwapata thuluthi moja. Kina mama waliopita umri huo, ambao ndio magoti huwasumbua zaidi, hawakuhesabiwa humo.

GOTI HUBEBA NINI?

Kati ya mfupa wa paja na mfupa wa muundi kuna gegedu, kitu cheupe kinachoteleza, ambacho huizuia mifupa isisagane. Umri, majeraha ya zamani, urithi wa ukoo na uzani mwingi hulila gegedu hilo kidogo kidogo. Huo ndio ugonjwa wa yabisi wa magoti unaowapata watu wengi wakipita umri wa miaka 50. Mafuta yaliyozidi mwilini pia hutoa kemikali zinazochochea uvimbe katika viungo, na kwa hiyo uzani hudhuru kwa njia mbili.

Mwaka wa 2005, watafiti wa Chuo Kikuu cha Wake Forest nchini Marekani walipima mzigo unaolifikia goti mtu mwenye yabisi anapotembea. Waligundua kwamba kila kilo moja anayopunguza mtu huliondolea goti lake mzigo wa karibu kilo nne katika kila hatua. Hebu piga hesabu. Mama aliyepunguza kilo tano ameliondolea goti kilo 20 kila anapokanyaga. Safari ya kilomita moja ina hatua zaidi ya 1,000, na kila goti hupokea nusu ya hatua hizo. Ndiyo sababu hata kilo chache husikika magotini kabla hazijaonekana kwenye kioo.

Kuna habari njema zaidi kwa wale ambao magoti yao bado ni mazima. Utafiti uliofanywa katika mji wa Framingham, Marekani, na kutangazwa mwaka wa 1992, ulionyesha kwamba wanawake waliopunguza kama kilo tano katika muda wa miaka kumi walipunguza kwa zaidi ya nusu hatari ya kupatwa na yabisi ya magoti. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

SI BARIDI YA MLIMA

Katika sehemu za juu za Meru na Embu, watu wengi husema magoti huharibiwa na baridi ya Mlima Kenya. Ni kweli kwamba asubuhi ya baridi viungo hukakamaa na maumivu husikika zaidi, na kujifunika magoti kwa shuka au leso huleta nafuu. Lakini baridi siyo inayolila gegedu. Mtu akiamini kwamba adui ni baridi peke yake, atanunua blanketi ya pili na kuendelea kutia vijiko vitatu vya sukari katika kila kikombe cha chai.

Tena si kila goti linalouma lina yabisi hii. Jongo huuma ghafla, goti likawa jekundu na moto. Kijana aliyeanguka akicheza kandanda huenda amechanika kitu ndani ya goti. Kwa hiyo, kabla ya kuanza jambo lolote, mwone daktari. Usingoje hata siku moja ikiwa goti limevimba, lina moto na una homa. Ikiwa limekwama halikunjuki. Ikiwa huwezi kulikanyagia baada ya kuanguka. Au ikiwa muundi mmoja umevimba na kuuma. Na ikiwa uzani unapungua wenyewe bila wewe kufanya lolote, hiyo si bahati njema. Nenda ukapimwe.

Mwenye ugonjwa wa sukari anayedunga insulini au kumeza tembe asipunguze chakula kabla ya kuzungumza na daktari wake, kwa sababu sukari yaweza kushuka mno akazirai. Mwenye shinikizo la damu naye amweleze daktari, kwani uzani ukipungua huenda dawa zikahitaji kupunguzwa pia.

PIMA KWANZA, KISHA WEKA SHABAHA

Chukua uzani wako kwa kilo, uugawanye kwa urefu wako kwa mita, kisha ugawanye tena kwa urefu huo huo. Tuseme mama ana kilo 90 na urefu wa mita 1.60. Tisini gawanya kwa 1.60 ni 56.25. Gawanya tena kwa 1.60, utapata 35 na kitu. Kuanzia 25, uzani umezidi. Kuanzia 30, huo ni unene wa kudhuru afya.

Mama huyu asijiambie kwamba ni lazima arudi kwenye kilo 60 alizokuwa nazo siku ya arusi. Shabaha ya kwanza iwe asilimia tano ya uzani wake, yaani kilo nne na nusu. Shabaha ya pili iwe asilimia kumi, yaani kilo tisa. Akipunguza nusu kilo kwa juma, kilo tisa zitamchukua majuma 18, kama vile kutoka Pasaka hadi likizo ya Agosti. Nusu kilo hadi kilo moja kwa juma ndio mwendo wa salama.

Ukipunguza kwa kujinyima chakula kabisa, mwili haupotezi mafuta peke yake. Hupoteza na misuli, na misuli ya mapaja ndiyo inayolishikilia goti. Utakuwa umeshusha mzigo na wakati huo huo umeng'oa nguzo. Isitoshe, kupunguza uzani kwa kasi mno huweza kuleta vijiwe katika kibofu cha nyongo. Mwenda pole hajikwai.

Jipime mara moja kwa juma, siku ile ile, kwa mizani ile ile, asubuhi. Kama mizani iko mbali, tumia utepe wa fundi cherehani na ujipime kiuno.

KAZI IKO JIKONI

Mwaka wa 2013, watafiti wa chuo kile kile cha Wake Forest walitangaza matokeo ya majaribio yaliyochukua miezi 18. Watu 454 wenye umri wa miaka 55 au zaidi, wote wanene na wenye magoti mabovu, waligawanywa katika makundi matatu. Kundi la mazoezi peke yake lilipunguza karibu asilimia mbili tu ya uzani. Kundi la chakula peke yake lilipunguza zaidi ya asilimia tisa. Kundi lililofanya yote mawili lilipunguza asilimia 11, na ndilo lililopata nafuu kubwa zaidi ya maumivu. Funzo ni hili: chakula ndicho kinachoshusha kilo, nayo mazoezi hulitia goti nguvu. Moja halichukui nafasi ya jingine.

Chakula cha Meru na Embu chenyewe si kibaya hata kidogo. Githeri ya mahindi na maharagwe iliyochemshwa vizuri, mukimo wenye majani mengi ya maboga, nduma, uji wa wimbi, kunde, njahi, mtama wa Mbeere na Tharaka, ni vyakula ambavyo wataalamu wa lishe wanavisifu. Kilichoharibu mambo ni vitu vitatu: sukari, mafuta ya kupikia na ukubwa wa sahani.

Tuanze na sukari. Vikombe vinne vya chai kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vya chai, ni vijiko 12. Kijiko kimoja kina gramu nne hivi. Kwa mwezi, mtu mmoja huwa amekunywa karibu kilo moja na nusu ya sukari katika chai peke yake. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Na tukitaja asali, ile ya Mbeere na Tharaka ni tamu na ni safi, lakini mwilini ni sukari vilevile. Usiache ghafla ukashindwa. Juma hili tia vijiko viwili, juma la tatu kimoja, na mwezi ujao huenda ukaona chai isiyo na sukari ina ladha yake.

Pili ni mafuta. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina kalori 120 hivi, sawa na vijiko saba vya chai vya sukari. Usimimine kutoka kwenye mtungi. Pima kwa kijiko. Sufuria ya mboga ya watu watano haihitaji zaidi ya vijiko viwili vikubwa. Githeri iwe ya kuchemshwa, ikiungwa kwa kitunguu, nyanya na dania. Chapati na mandazi viwe vya siku maalumu.

Kuna na vyakula vizuri ambavyo lazima vipimwe. Avokado ni nzuri, lakini nusu yatosha. Makadamia, ambazo Embu na Meru huzizalisha kwa wingi, zina mafuta mengi sana: gramu 100 zina zaidi ya kalori 700. Kiganja kimoja ni kitafunio. Bakuli zima mbele ya televisheni ni mlo wa pili.

Tatu ni sahani. Igawe kwa macho. Nusu yake iwe mboga: sukuma wiki, kabeji, terere, managu, karoti. Robo iwe ugali, wali, viazi, ndizi au nduma. Robo iliyobaki iwe maharagwe, ndengu, yai, samaki au nyama isiyo na mafuta. Ukila githeri, ongeza maharagwe na upunguze mahindi, kisha uweke mboga kando. Usiiache ile robo ya maharagwe na nyama, hasa ukiwa umepita miaka 60, kwa sababu ndiyo inayolinda misuli. Kula polepole, kunywa maji, na ukishashiba nusu, ngoja kidogo kabla ya kuongeza.

Wanaume nao wasidhani ukurasa huu ni wa kina mama. Chupa moja ya bia ya nusu lita ina kalori 200 hivi. Tatu za Jumamosi, pamoja na nyama choma yenye mafuta na mutura, huweza kufuta kazi yote ya juma.

MIRAA NA MUGUKA SI DAWA YA KUKONDA

Wapo wanaosema kwamba mtu mnene wa Igembe au Tigania atafune miraa, na wa Mbeere atafune muguka, naye atakonda. Zao hilo limesomesha watoto wengi, wala sina neno na biashara ya mtu. Lakini kama dawa ya kukonda, halifai. Ni kweli hukata hamu ya chakula kwa saa kadhaa. Lakini pia hupandisha shinikizo la damu, huuharakisha moyo na hufukuza usingizi. Mtu asiyelala vizuri huamka na njaa kubwa, na maumivu ya viungo huyasikia zaidi. Tena wengi hutafuna wakishushia kwa soda, na chupa moja ya soda ya mililita 300 ina sukari ya vijiko vya chai saba au vinane. Unene hautoki hapo.

MAZOEZI YA KITINI NA KITANDANI

Sasa tuje kwenye goti lenyewe. Mazoezi haya manne hayahitaji kutoka nje, wala viatu, wala pesa.

La kwanza: keti kitandani mguu ukiwa umenyooka, weka taulo iliyokunjwa chini ya goti, kisha ibonyeze kwa goti hadi paja likaze. Hesabu hadi tano, achia. Rudia mara kumi kila mguu.

La pili: lala chali, mguu mmoja umekunjwa na mwingine umenyooka. Inua ule ulionyooka kama sentimita 30, hesabu hadi tano, ushushe polepole. Mara kumi kila mguu.

La tatu: chukua kiti cha juu, kigumu, kilichoegemezwa ukutani. Simama na uketi polepole, ukijisaidia kwa mikono kama ni lazima. Anza na mara tano, na baada ya majuma kadhaa ufike kumi.

La nne: simama ukiishika meza, inua visigino vyote viwili, hesabu hadi tatu, shusha. Mara kumi.

Kwa anayetaka kutoa jasho kidogo, aketi kitini na kupiga hatua pale pale huku akizungusha mikono, kwa muda wa nyimbo tatu au nne redioni. Kuogelea na kuendesha baiskeli ya kusimama pahali pamoja ni mazoezi mazuri sana kwa magoti, kwa aliye mjini na mwenye uwezo.

Utajuaje umezidisha? Misuli ya paja kuchoka si neno. Lakini maumivu ndani ya goti yakizidi na kudumu zaidi ya saa mbili baada ya zoezi, au goti likivimba asubuhi inayofuata, punguza idadi kwa nusu. Usiache kabisa. Katika hospitali kuu za rufaa za Embu na Meru kuna wataalamu wa tiba ya viungo. Ukienda mara moja ukaonyeshwa vizuri, unaweza kuendelea nyumbani.

KUTEMBEA KATIKA NCHI YA MITEREMKO

Baada ya majuma matatu au manne ya mazoezi hayo, anza kutembea dakika kumi mahali tambarare. Uwanja wa shule ya msingi ulio karibu wafaa. Mkazi wa mjini aweza kutafuta uwanja wa michezo asubuhi na mapema. Ongeza dakika mbili au tatu kila juma. Dakika kumi mara tatu kwa siku ni sawa na dakika 30 kwa mpigo mmoja, na goti litakushukuru zaidi.

Jihadhari na kushuka. Wengi huogopa kupanda, lakini kushuka ndiko kunakoliumiza goti zaidi, kwa sababu misuli hufanya kazi ya kuuzuia mwili usiporomoke. Shuka kwa hatua fupi, kwa kukata mteremko upande upande kama njia ya ng'ombe, ukitumia mkongojo. Mkongojo ushikwe kwa mkono wa upande wa goti zima, si upande wa goti bovu. Kwenye ngazi, ukipanda tanguliza mguu mzima. Ukishuka tanguliza mguu mgonjwa. Vaa viatu vya soli laini vinavyoshika mguu, si champali zilizolika wala viatu vya visigino virefu.

Na mizigo? Mtungi wa lita 20 wa maji ni kilo 20. Mama anayejitahidi miezi mitano kupunguza kilo kumi, kisha akabeba mtungi huo mgongoni kwa ukanda wa kichwani akipanda kutoka mtoni, amerudisha mzigo wote maradufu. Beba lita tano au kumi, nenda mara mbili, au msaidiwe na punda, mkokoteni au bodaboda.

Nyumbani kuna mambo matatu ya kurekebisha. Kigoda kifupi cha jikoni kibadilishwe kwa kiti cha juu. Beseni la kufulia liwekwe juu ya meza au benchi badala ya kuchuchumaa. Na choo cha shimo, ambacho ni mateso makubwa kwa magoti na watu wengi huona haya kusema, kiwekewe kiti chenye tundu. Fundi seremala wa sokoni anaweza kukitengeneza kwa mbao kwa muda mfupi, pamoja na ubao wa kushikilia ukutani.

DAWA ZA NJIANI

Tembe za kutuliza maumivu kama Brufen na diklofenaki husaidia kwa siku chache, lakini zikimezwa miezi mingi bila daktari huleta vidonda vya tumbo, hudhuru mafigo na hupandisha shinikizo la damu. Dawa ya kupaka yenye diklofenaki ni salama zaidi kwa wengi, hasa wazee. Uliza daktari au mwuza dawa.

Zile poda za "kumaliza baridi yabisi" zinazouzwa kwenye vituo vya matatu na sokoni ziogopwe. Katika nchi mbalimbali, dawa za namna hiyo zimewahi kupimwa na kupatikana zimetiwa steroidi kwa siri. Mtu hupona ajabu kwa juma la kwanza, kisha uso huvimba, hamu ya chakula huzidi, unene huongezeka na mifupa hudhoofika. Yaani dawa ya goti inaongeza ule uzani unaoliua goti.

Kuna pia sindano mpya za kupunguza uzani. Mwaka wa 2024 yalitangazwa matokeo ya majaribio ya semaglutaidi kwa watu 407 wanene wenye yabisi ya magoti. Baada ya majuma 68, waliodungwa dawa hiyo walikuwa wamepunguza karibu asilimia 14 ya uzani, na maumivu yao yalipungua kuliko ya wale wasiodungwa. Ni habari ya kutia moyo, lakini ni dawa ya daktari, ina madhara yake kama kichefuchefu na kutapika, na si ya kununuliwa kwa mtu usiyemjua kwa njia ya simu. Wote katika majaribio hayo walipewa pia mashauri ya chakula na mazoezi.

KWA WANAFUNZI

Nanyi wanafunzi, msiruke sehemu hii. Kijana aliyeumia goti uwanjani akiwa shule ya upili, akaacha michezo, kisha akafika chuoni na kuishi kwa chapati, chipsi na soda, ameanza safari ile ile ya nyanya yake, ila ameianza miaka 30 mapema. Goti lililowahi kuumia huingiwa na yabisi kwa urahisi zaidi. Fanya mazoezi ya mapaja yaliyotajwa hapo juu, muone mtaalamu wa viungo kabla ya kurudi uwanjani, na ujipikie maharagwe Jumapili yakutoshe siku tatu.

KIKAPU UNACHOMPELEKEA MAMA

Mwisho, msomaji wa mjini, nina neno nawe. Ukienda nyumbani mwisho wa mwezi, unabeba nini? Mara nyingi ni kilo nne za sukari, mkebe mkubwa wa mafuta ya kupikia, mikate mitatu na soda. Unabeba kwa upendo, na mama anapokea kwa fahari, kwa sababu majirani wanaona kwamba watoto wake wanamkumbuka. Lakini ndicho kikapu hicho kinachomzuia kufika kanisani.

Jambo la pili ni maneno ya watu. Huko nyumbani unene huhesabiwa kuwa dalili ya kutunzwa vizuri, na mtu akikonda kunong'onezwa ni lazima: ana ugonjwa gani? Kina mama wengi huacha katikati si kwa sababu ya njaa, bali kwa sababu ya minong'ono hiyo. Basi wewe mtoto ndiwe utakayesema mbele ya watu, kwa sauti, kwamba mama anapunguza uzani kwa amri ya daktari, na kwamba mnajivunia.

Safari hii mpelekee kikapu kingine: ndengu na maharagwe, samaki wakavu, matunda, viatu vya soli laini, kiti cha juu cha jikoni, mkongojo mzuri, na dawa ya kupaka aliyoandikiwa na daktari. Mtafutie mtu wa kumtekea maji mara mbili kwa juma. Ni gharama ndogo kuliko ya upasuaji wa goti. Kisha ukae naye siku hiyo, mfanye yale mazoezi manne pamoja, mkihesabu kwa sauti. Ukirudi mjini, umpigie simu kila Jumamosi umuulize mizani yasemaje.

Bandu bandu huisha gogo, mpenzi msomaji. Nusu kilo juma hili, nusu kilo juma lijalo, na kabla ya mwaka kwisha huenda ule mlima wa kwenda kanisani ukarudi kuwa mlima tu.